Dondoo muhimu: Kupita kwa mtumbwi katika mafunjo ya Mto Mara

Ukishuka kusini kutoka Nyamwaga unaukuta Mto Mara. Huko chini, kabla ya daraja la Kirumi na Ziwa Victoria, maji hutawanyika kwenye ardhioevu ya mafunjo marefu kuliko mtu, na njia za mitumbwi ni nyembamba. Kwa hiyo:

• Nenda na mvuvi mwenyeji. Mafunjo yanayoelea husukumwa na upepo. Njia iliyo wazi asubuhi yaweza kuzibika jioni.

• Funga jaketi okozi kabla ya kupanda, hata kama unajua kuogelea.

• Beba kafi na pondo. Penye maji machache, pondo husukuma na kupima kina.

• Kaa chini, katikati. Weka karibu kopo la kufua maji.

• Kabla ya kona, gonga ubavu wa mtumbwi ili kiboko akusikie. Usimzibie njia ya kwenda kwenye kina. Mikono isiguse maji: mamba wapo.

• Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji yakigeuka tope na kubeba magogo, ahirisha safari.

• Rudi kabla ya magharibi. Viboko huanza kutoka kwenda malishoni.

• Dharura: Zimamoto na Uokoaji, 114.