Paka Hagombani na Mti: Namna ya Kuilinda Miche ya Uani

Mche wa mchungwa ulionunuliwa Muheza na kupandwa uani Tanga mjini mwanzo wa masika una maadui wengi: mbuzi wa jirani, mchwa, jua la Januari. Anayeuharibu kimyakimya, usiku watu wamelala, mara nyingi ni paka. Asubuhi unakuta gome limechanika, udongo umefukuliwa na mizizi myembamba iko nje. Hasira zinapanda, mtu anaokota jiwe. Lakini jiwe haliuponyi mche, na usiku wa pili paka atarudi. Hana ugomvi na mti wako. Kuna kitu anachokihitaji amekipata pale shinani, na ukishakijua, kumhamisha si kazi kubwa.

Kwanza hakikisha mkosaji ni yeye. Alama za kucha za paka ni mistari ya wima, mitatu au minne inayokwenda sambamba, kuanzia chini ya goti la mtu mzima hadi karibu na paja. Nyuzi za gome huachwa zikining'inia. Ukiinama na kupekua chini ya shina unaweza kuokota vipande vidogo vyeupe, vyembamba, vilivyopinda mithili ya mwezi mwandamo. Hayo ni maganda ya kucha aliyoyavua. Mbuzi hafanyi hivyo: yeye hubandua gome kwa meno, ukanda mzima, na majani huliwa pia. Panya huguguna chini kabisa, karibu na udongo, na alama za meno yake ni ndogondogo zilizopangana. Kuku huparua udongo mchana kweupe. Na matunda yanayokutwa yameumwa juu mtini asubuhi ni kazi ya komba au popo, ingawa lawama huangukia paka kwa kuwa ndiye anayeonekana.

Ukucha wa paka hukua kwa matabaka. La nje likichakaa hana budi kulivua ili lililo chini yake, kali na jipya, litokeze, na shina la mti linamfaa kwa kazi hiyo. Akiamka pia hupenda kuegemea kitu kilichosimama imara, akajinyoosha mgongo na mabega. Lakini sababu kubwa ni harufu. Katikati ya vidole vyake mna tezi zinazoacha harufu ambayo pua zetu haziipati, ila paka wengine wanaielewa vizuri: hapa pana mwenyewe. Kwa hiyo anarudi palepale kila siku kuipa nguvu alama yake, na paka shume anayepita usiku anaweka yake juu ya ile. Mti ukishakuwa ubao wa matangazo wa mtaa, kelele na mawe havisaidii kitu.

Mwembe mkubwa hautishwi na hayo. Gome lake ni nene na kucha haziingii mpaka penye uhai. Hatari iko kwa mche wenye shina la unene wa kidole gumba. Chini tu ya gome lake kuna tabaka laini, lenye unyevu, linaloteremsha chakula kilichotengenezwa na majani kwenda mizizini. Maji hupanda kwa njia nyingine, ndani ya mti wenyewe. Tabaka lile likikwanguliwa kuzunguka shina lote, mizizi inakosa chakula lakini majani yanaendelea kupata maji, hivyo mche hubaki wa kijani kwa majuma kadhaa. Halafu unanyauka ghafla, na mwenye mti anadhani ni ukame au amelogwa na jirani. Usisubiri majani yaseme. Ukague shina.

Miche ya kubebesha, yaani iliyoungwa kitaluni, inahitaji uangalifu wa pekee. Machungwa mengi hubebeshwa juu ya shina la mlimau, na kiungo kiko chini, palepale miguu ya mbele ya paka inapofika. Kiungo kikichanwa na sehemu ya juu ikafa, chini yake huchipua matawi yenye nguvu na miiba mirefu. Mtu anafurahi kwamba mti umefufuka, anaumwagilia miaka mitatu, kisha anavuna malimau makali. Kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo likate mapema, na kiungo chenyewe kilindwe kuliko sehemu nyingine yoyote ya mche.

Kinga isiyoshindwa ni waya wa banda la kuku. Kata kipande cha urefu wa mita moja kwenda juu, maana paka akisimama kwa miguu ya nyuma hafiki huko, na upana unaotosha kuzunguka shina huku ukiacha nafasi ya kiganja kila upande. Chomeka vigingi vitatu kuzunguka mche, ufunge waya kwenye vigingi, kamwe usiufunge kwenye shina. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Waya unaogusa shina husuguana nalo kila upepo wa kusi unapovuma, na mti ukinenepa waya unazama ndani ya gome na kuukaba, ukafanya kazi ileile ambayo paka angeifanya. Ncha kali zikunje zielekee nje na chini, zisije zikamchoma mtoto. Ukingo wa chini uzike kidogo ardhini ili paka asifukue na kupenya. Kila masika yanapoanza legeza waya, ung'oe magugu yaliyoota ndani, utazame kama mchwa hawajapanda. Gome likishakuwa gumu na lenye mipasuko yake ya kiasili, ondoa waya ukatumie kwenye mche mwingine.

Kama waya ni ghali, fito au mabua ya mtama yaliyochomekwa karibukaribu na kufungwa kamba yanatosha kwa msimu mmoja. Chupa kubwa ya maji ya plastiki iliyokatwa juu na chini, ikapasuliwa ubavuni, huzunguka vizuri shina la mche mdogo, mradi uitoboe matundu mengi. Bila matundu joto la ndani hulichemsha gome. Gunia silipendekezi. Watu wengi hulizungushia shina na kulifunga kwa kamba, na linaonekana kinga nzuri kwa mwezi mmoja. Likishanyeshewa linashika unyevu, mchwa wanajenga ndani yake, na siku unapolifungua unakuta gome limeliwa kabisa.

Mpapai ni kisa cha peke yake. Shina lake si mti mgumu, ni laini na lina uwazi katikati, na kucha zikizama utomvu mweupe hutiririka na jeraha huoza kwa urahisi. Uwekee kinga siku unapoupanda. Mnazi, kwa upande mwingine, haufi kwa kuchanwa gome, kwa sababu njia zake za maji na chakula zimetawanyika ndani ya shina lote. Paka anayekwea mnazi huwa anafuata ndege au panya kule juu. Wenye mashamba ya minazi wana dawa ya zamani dhidi ya panya, nayo humzuia paka vilevile: ukanda wa bati laini, upana wa nusu mita au zaidi, umezungushwa shinani juu ya kimo cha mtu. Kucha hazishiki kwenye bati. Kwenye mwembe au mstafeli wenye kiota cha ndege unachotaka kukiokoa, funga bati kwa waya unaoweza kulegezwa, usipigilie misumari, na ukate matawi yanayokaribia ukuta au paa. Bati halina kazi ikiwa paka anarukia mtini kutoka juu ya banda.

Sasa udongo. Mchanga wa pwani, mkavu, uliolainishwa kwa jembe kuzunguka mche, ndio choo ambacho paka angejichagulia popote duniani. Anafukua, anajisaidia, anafukia, na kila mara mizizi ya juu inakatika. Mkojo wake una urea na chumvi nyingi. Tone moja haliui mti, lakini paka watatu kila usiku palepale wataunguza mizizi ya mche mchanga. Wa kwanza kumkaribisha ni sisi wenyewe. Tunapara samaki chini ya mti ili kupata kivuli, halafu tunamwaga maji ya samaki shinani tukiamini ni mbolea. Ni mbolea kweli, ila harufu yake inawaita paka wa mitaa mitatu, nao wanafukua wakitafuta utumbo uliofukiwa. Para samaki mbali na miche. Mabaki ukitaka yawe mbolea yafukie kwenye shimo refu la taka, na juu yake weka udongo na jiwe zito.

Kisha uondoe ule ulaini unaompendeza. Funika udongo kwa makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukitazama juu, au kwa vifuu vilivyovunjwa, au mawe ya matumbawe yaliyopangwa yakigusana. Makumbi nayapenda zaidi kwa sababu yanatunza unyevu wakati wa kiangazi na yakioza yanakuwa mboji. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, hasa kwa michungwa, kwani unyevu ukigusa gome huleta ugonjwa wa kuvuja gundi. Kwa majuma ya mwanzo laza vitawi vya mdimu vyenye miiba juu ya makumbi. Na umwagilie jioni badala ya asubuhi: paka hujisaidia zaidi usiku na hapendi udongo uliolowa. Unaposafisha kinyesi vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama mjamzito asiushike kabisa udongo huo, na mchicha uliopandwa chini ya mti uoshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Ukimzuia paka bila kumpa pengine pa kwenda, umemhamishia tu kwenye mti wa pili. Mtengenezee gogo lake. Chukua kipande cha mnazi au mbao nene, kimo chake kifike kiunoni kwako, ukizike kisimame bila kutikisika, maana paka hatumii kitu kinachoyumba. Kizungushie kamba ya katani, duara juu ya duara, ukiikaza kwa misumari midogo juu na chini. Huko Ulaya magogo ya paka yanayouzwa madukani hufungwa kamba hiihii ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta Tanga mwaka 1893. Sisi tunaipata sokoni. Gogo lisimamishe karibu na mti anaoukwaruza sasa, kisha mti wenyewe uuwekee waya siku hiyohiyo. Akishazoea gogo, lisogeze kidogokidogo mpaka kona unayoitaka. Katika kona hiyo mwagia debe moja au mawili ya mchanga mkavu, pawe choo chake, uwe unapasafisha.

Kuna mambo ambayo watu hufanya na ninawasihi wayaache. Oili chafu ya gari ikipakwa shinani huziba gome na kuingia udongoni, na paka akiikanyaga anailamba miguuni na kuugua. Mafuta ya taa ni hivyohivyo. Vidonge vyeupe vya kuwekea nguo, naftalini, ni sumu kwa paka na kwa mtoto anayedhani ni peremende. Dawa za kusafishia choo zenye fenoli zinaua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuzivunja. Pilipili ya unga humwingia machoni. Na sumu ya panya iliyochanganywa na dagaa haichagui: itamuua paka, kuku, mbwa, na yule mwewe atakayeokota mzoga. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sura ya 360 ya sheria zake inayokataza ukatili kwa wanyama. Kutega sumu ni kosa. Nako hakuna faida. Mtaa usio na paka unajaa panya, na panya wakishazoea miche yako utatamani paka warudi.

Kama paka ana mwenyewe, nenda kwa adabu, jioni, mikono ikiwa na kitu kidogo. "Shikamoo bibi. Nimekuja kwa ajili ya yule nyau wako, mzuri, ila ananichania michungwa." Usianze na hasara, anza na kumsifia paka wake. Kisha muombe jambo moja linalowezekana: wamlishe paka kwa saa maalum nyumbani kwao, asizurure kutafuta, na wamhasi. Dume lisilohasiwa ndilo linalorusha mkojo kwenye kila shina kutangaza mipaka, na jike hubeba mimba miezi miwili tu kisha analeta watoto watatu au wanne. Daktari wa mifugo wa wilaya atawaeleza gharama, na majirani wakichangiana inapungua makali. Siku ya kuhasiwa paka apate na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mche ulioumia tayari usiukatie tamaa. Kwa kisu kikali kilichochomwa moto au kufutwa kwa spiriti, kata nyuzi za gome zilizolegea mpaka ufike penye gome lililoshika, ukilipa jeraha umbo la yai lililosimama ili maji ya mvua yateremke. Usipake udongo wala samadi. Liache likauke lenyewe. Kwenye mchungwa upake dawa ya ukungu yenye shaba, inayouzwa maduka ya pembejeo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, maana vimelea vya Phytophthora vilivyomo udongoni huingilia kwenye majeraha kama hayo. Weka waya jioni hiyohiyo. Jeraha lisilozidi nusu ya mzunguko wa shina hujifunga ndani ya msimu mmoja au miwili, ukiona mdomo mpya wa gome unavimba pembeni na kusogea katikati. Likizidi robo tatu, mche wa bei ndogo ni heri kuung'oa na kupanda mwingine wakati wa vuli, safari hii waya na makumbi yakiwa tayari kabla shimo halijachimbwa.