Porti na Ndugu Zake: Vidokezo vya Kupata Mvinyo Mtamu wa Bei Nafuu Bagamoyo na Pwani Yake

Kuanzia Tegeta hadi Bagamoyo, na ukipanda juu mpaka Saadani na Pangani, adui wa kwanza wa chupa nzuri ni joto. Bei inafuata nyuma yake. Mvinyo mtamu uliotiwa pombe kali ya zabibu, yaani porti na ndugu zake, hulistahimili joto kuliko mvinyo wa kawaida, ila hazilingani nguvu. Ukishajua ipi inastahimili na ipi haistahimili, utapata kinywaji safi cha kumalizia mlo bila kuumia mfukoni, na chupa itakaa wiki kadhaa ikiwa bado nzuri.

1. Anza na asilimia, jina baadaye

Geuza chupa utafute kiwango cha kilevi. Porti ya Ureno huwa kati ya asilimia 19 na 22. Inafika huko kwa sababu mtengenezaji hakuacha zabibu zichachuke mpaka mwisho: sukari ikiwa bado nyingi, anamimina pombe kali ya zabibu yenye asilimia 77 hivi, sehemu moja kwa nne za maji ya zabibu. Hamira inakufa, utamu unabaki, nguvu inapanda. Nguvu hiyo pamoja na sukari ndizo zinazoilinda chupa ikishafunguliwa.

Madukani kwetu kuna chupa nyingi zilizoandikwa "Natural Sweet", nazo ni tamu kweli, lakini soma vizuri: nyingi hazifiki hata asilimia 13. Hizo ni za kunywa baridi na kumaliza siku mbili tatu. Ukizinunua ukidhani ni porti, ukaziweka kabatini mpaka mgeni wa mwezi ujao, utamkaribisha kwa siki.

2. Usiling'ang'anie neno "Port"

Afrika Kusini imetengeneza mvinyo wa aina hii kwa miaka mingi, hasa katika mji wa Calitzdorp, ambako mashamba kama Boplaas na De Krans yamejijengea jina. Baada ya makubaliano ya biashara ya mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya, wenzetu hao walikubali kuliacha jina la Port libaki la Wareno. Ndiyo maana siku hizi unakutana na "Cape Ruby", "Cape Tawny" na "Cape Vintage". Kilichomo ni mvinyo ule ule wa kutiwa pombe kali, na kwa kawaida bei yake iko chini ya ya Mreno.

Kuna nyingine ambayo ningependa ijulikane zaidi huku kwetu, nayo ni Muscadel, ya rangi ya dhahabu au nyekundu, kutoka Robertson na bonde la Klein Karoo. Inanukia zabibu kavu, asali na ganda la chungwa. Kwa pesa ya kawaida, sijaona kinywaji cha kumalizia mlo kinachokupa utamu safi namna hiyo. Jerepigo ni ndugu yake wa karibu: pombe kali inatiwa kwenye maji ya zabibu kabla hayajaanza kuchachuka, kwa hiyo ni tamu sana. Ukiiona rafu ya chini imejaa vumbi, inama uangalie.

3. Kwa joto la huku, chukua Tawny

Ruby hukaa muda mfupi, mara nyingi kwenye mapipa au matangi makubwa, ili ibaki nyekundu na yenye ladha ya matunda. Tawny inazeeka kwenye mapipa madogo ya mbao ambako hewa inaifikia kidogo kidogo kwa miaka, rangi inageuka kahawia, ladha inakuwa ya karanga na sukari iliyoungua. Kwa kuwa imekwisha kuzoea hewa, haishtuki sana ukiifungua. Namba 10, 20, 30 na 40 kwenye lebo zinaonyesha umri. Ya miaka 10 inatosha sana. Ukipanda hapo, bei nayo inapanda haraka.

Vintage iache. Hiyo inakomaa ndani ya chupa kwa miongo, inataka chumba cha giza chenye ubaridi usiobadilika, na ukishaifungua ina siku chache tu. Umeme wa kukatika na jua la Februari haviendi nayo. Ukitaka nyekundu yenye uzito, tafuta iliyoandikwa "Reserve" au "LBV". Hiyo LBV imekaa miaka 4 hadi 6 kabla ya kuwekwa kwenye chupa, na nyingi unaweza kuzinywa siku hiyo hiyo ya kununua.

4. Ukiiona Madeira, usiipite

Kisiwa cha Madeira kiko Bahari ya Atlantiki, chini ya Ureno, na meli za zamani zilipita hapo kupakia mapipa kabla ya kuelekea nchi za joto. Mapipa yaliyozunguka baharini, yakapigwa jua na kutikiswa miezi mingi, yalirudi yakiwa na mvinyo mtamu kuliko ulioachwa nyumbani. Wenyeji wakajifunza kuupasha moto makusudi. Leo mvinyo wa Madeira wa bei ya kawaida huhifadhiwa kwenye joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi 3 au zaidi, na ule wa bei ya juu huachwa kwenye mapipa chini ya mapaa ya joto kwa miaka.

Hebu fikiria maana yake kwa mtu anayeishi Mkwaja au Pangani, asiye na friji ya kutegemea. Joto unaloliogopa, mvinyo huu umekwisha kulipitia, tena kali zaidi. Ukifunguliwa unakaa miezi bila kulalamika. Kwa kumalizia mlo tafuta neno Bual au Malmsey, ambazo ndizo tamu. Sercial ni kavu. Madeira haipatikani kila duka, na hilo ndilo tatizo lake pekee.

5. Mpe Dodoma nafasi

Zabibu za Dodoma zililetwa na wamisionari waliohitaji mvinyo wa misa, na leo mkoa ule unavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawalijui. Mvinyo wake mtamu mwekundu, Dompo ikiwa mojawapo ya majina yanayotajwa zaidi, unaupata hata kwenye grosari ndogo za Bagamoyo. Kidokezo cha kwanza kinahusika hapa pia: soma asilimia kwenye lebo. Faida kubwa ni kwamba haukuvuka bahari, na ule unaouzwa haraka hauna muda wa kuzeekea rafuni.

6. Ikague chupa kama unavyomkagua samaki

Pale soko la samaki Bagamoyo hakuna anayenunua changu bila kumwangalia jicho na kumfunua shavu. Basi na chupa iwe hivyo. Shika kile kifuniko cha karatasi au plastiki shingoni ukizungushe taratibu. Kikizunguka, vizuri. Kikiwa kimeganda, pitisha kidole chini yake: ukisikia kunata kama sharubati, mvinyo umechemka na jua, ukavimba, ukavuja. Angalia usawa wa mvinyo shingoni ukilinganisha na chupa jirani. Lebo iliyofifia upande mmoja maana yake chupa imekaa dirishani.

Porti halisi ya Ureno ina ukanda wa karatasi wenye namba shingoni, muhuri wa taasisi inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto. Usipouona, uliza. Halafu kuna stempu ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza mwaka 2019. Programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu inakuonyesha kama ni ya kweli. Kuikagua mbele ya muuzaji si kumkosea adabu. Sema tu, "Samahani dada, naangalia stempu kidogo," na anayeuza mali halali hatanuna.

7. Nunua Dar, safirisha kwa akili

Uchaguzi mpana uko Mikocheni na Masaki, kwenye maduka makubwa kama Shoppers. Bagamoyo yenyewe ni mji wa misikiti na watu wa staha, maduka ya vileo ni machache, na mwezi wa Ramadhani ni vizuri uwe umenunua mapema na unywee nyumbani kwako. Januari pitia rafu tena, kwani chupa za Krismasi zilizobaki ndizo zinazoshushwa bei.

Barabara ya Bagamoyo ina foleni, na buti la gari linakuwa tanuri. Beba deli lenye barafu: linakwenda na mvinyo, linarudi na samaki.

8. Mtumie ndugu anayekuja

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima kuingia na mvinyo usiozidi lita 2 bila ushuru. Hizo ni chupa mbili za mililita 750, na nafasi inabaki. Shangazi anayetoka London anaweza kupata porti nzuri yenye jina la duka lenyewe kwenye supamaketi yoyote kubwa, maana huko mvinyo huu umezoeleka tangu karne ya 18. Mwambie aiweke kwenye sanduku la kupakiwa, katikati ya nguo.

9. Hesabu bei kwa glasi

Mvinyo wa mezani unatoa glasi 5 kwa chupa. Porti inanyweka kwa mililita 60 tu, kwa hiyo chupa ile ile inatoa 12. Inayouzwa mara mbili ya bei inakuwa rahisi kuliko ile ya kawaida. Lakini kumbuka nguvu yake: glasi ndogo mbili za porti, halafu usukani mpaka Bunju, hapana.

10. Ipoze, kisha ilete na vya kwetu

Vitabu vya Ulaya vinasema Ruby inyweke kwenye joto la chumba. Chumba chao ni nyuzi 17, chetu 29. Itie kwenye friji dakika 40, Tawny na Muscadel saa nzima. Ikishafunguliwa, Ruby imalize ndani ya wiki moja au mbili, Tawny ndani ya mwezi, zote zikikaa kwenye friji. Porti nyeupe ukiipata, ichanganye na toniki, barafu nyingi na ndimu, jua likiwa bado kali.

Mezani kanuni ni moja: mvinyo uwe mtamu kuliko chakula, la sivyo utaonekana mchachu. Tawny na korosho za kukaanga, kashata za nazi au tende. Ruby na chokoleti nyeusi. Muscadel na embe dodo au mkate wa kumimina ungali na joto kidogo. Halua ndiyo ngumu, inazishinda karibu zote kwa sukari. Yenyewe iache na kahawa chungu.