Mafunzo Niliyopata kwenye Stuu ya Kondoo ya Ireland

Stuu ya kondoo ya Ireland ina orodha fupi: nyama yenye mifupa, viazi, vitunguu, maji, chumvi na pilipili manga. Wengine huongeza karoti, na hapo tayari mabishano yameanza. Mtu aliyekulia Tanga kama mimi akisomewa orodha hiyo husubiri iendelee. Tangawizi je? Nyanya? Bizari? Haiendelei.

Ninaishi Cork, kusini mwa Ireland, na majira ya baridi yakifika stuu hii hupikwa kwetu mara kwa mara. Nimejifunza kwa majirani, kwa wauza nyama na kwa sufuria yenyewe. Wageni kutoka nyumbani wakiiona nyeupe vile huidhania chakula cha mgonjwa, na jambo hilo linaniuma, maana ni pishi lenye heshima na akili nyingi. Pasipo viungo vya kuifunika nyama, kazi ya mpishi inahamia kwingine: buchani, kwenye mfuko wa viazi, na kwenye moto.

1. Omba shingo, acha paja

Katikati ya mji wa Cork kuna soko la ndani liitwalo English Market, lililopo tangu 1788. Ukimwambia muuza nyama wa pale kwamba unapika stuu, akiwa mtu wa kazi yake hatakupa paja. Paja ni la kuoka. Ukilichemsha saa mbili linabaki nyuzi kavu. Atakuonyesha shingo, au bega lililokatwa vipande vinene pamoja na mfupa wake, ambavyo huku huitwa gigot. Shingo ya kondoo hufanya kazi kutwa, ikiinama na kuinuka mnyama anapokula majani, kwa hiyo imejaa nyuzi ngumu. Nyuzi hizo ndizo tunazozitafuta. Zikikaa kwenye maji ya moto muda mrefu, taratibu, huyeyuka na kuupa mchuzi uzito ambao hauletwi na unga wala kitu kingine cha kuongezea. Mfupa nao hutoa uboho wake. Kwa watu sita mimi huchukua kilo moja na nusu, mifupa ikiwemo.

Zamani nyama hii haikuwa ya mwanakondoo. Kondoo alifugwa kwa ajili ya sufu na maziwa, na aliyeishia chunguni ni yule ambaye umri umempita. Ndiyo maana pishi lenyewe ni la saa nyingi: lilibuniwa kwa nyama ngumu. Siku hizi kondoo mzee ni adimu madukani, karibu kila bucha lina mwanakondoo tu. Ukibahatika kumpata aliyevuka mwaka mmoja, mchukue bila kusita. Harufu yake ni nzito zaidi na mchuzi wake unakaa mdomoni. Mwanakondoo hutaka saa moja na nusu hadi mbili. Kondoo mzee usimharakishe, mpe karibu saa tatu. Wapo pia kondoo wa milima ya Connemara, magharibi mwa nchi, wanaokula nyasi na vichaka vya porini. Jina la nyama yao limelindwa kwa sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2007. Wana mwili mdogo na ladha kali kuliko wale wa tambarare.

Waislamu wenzangu huniuliza kama wanaweza kuila. Wanaweza. Stuu ya asili haina nguruwe wala pombe, na nyama ya halali ipo. Ballyhaunis, mji mdogo wa kaunti ya Mayo, kulianzishwa kiwanda cha nyama ya halali miaka ya 1970, na msikiti ukajengwa hapohapo mwaka 1987. Nilifurahi sana siku nilipolijua hilo, kwamba katika vijiji vile vya mvua na malisho watu wamekuwa wakichinja kwa Bismillahi kwa muda wote huo.

2. Usiunge

Kwetu mchuzi huanza na mafuta. Vitunguu vinakaangwa, nyanya inafuata, na harufu ikitoka ndipo nyama inaingia. Stuu ya zamani ya Ireland haijui mlango huo. Nyama, vitunguu na maji baridi huingia pamoja, na moto huwashwa chini yake.

Sababu yake ni jiko lililokuwapo. Nyumba nyingi za vijijini hazikuwa na oveni wala meko ya kupandisha na kushusha moto. Chungu cha chuma chenye miguu mitatu kilining'inizwa juu ya moto wa udongo wa kinamasi, uliochimbwa, ukakatwa vipande na kuanikwa hadi ukakauka. Udongo huo huwaka pole pole, hauna ndimi kali. Ukiwa na moto wa namna hiyo, kuchemsha taratibu ndilo pishi linalokubali. Umeme ulianza kupelekwa vijijini mwaka 1946, kwa hiyo wazee wapo hadi leo ambao mama zao walipika hivyo, na ukikaa nao watakueleza harufu ya moshi ule kabla hawajakueleza habari ya nyama.

Kuna njia nyingine, na wenye njia hiyo si watu wa kupuuzwa. Myrtle Allen alifungua mgahawa nyumbani kwake Ballymaloe, mashariki mwa Cork, mwaka 1964, akawapa wageni vyakula vya wakulima wa jirani wakati ambapo mahoteli yaliiga Ufaransa. Jikoni kwao nyama ya stuu hugeuzwa kwanza kwenye mafuta yake ya moto hadi ibadilike rangi. Darina Allen, mkwe wake, amewafundisha wengi hivyo katika shule ya mapishi iliyoanza mwaka 1983. Stuu yao ni tamu, nimeipika, na mtu akiipenda simpingi. Hata hivyo naona mkaango unaleta harufu yake mwenyewe na kuitawala sufuria. Mimi nimebaki na ile nyeupe. Mpenzi wa samaki wa chukuchuku atanielewa: chumvi, ndimu na maji, basi, na kwa sababu hiyo samaki hana budi kuwa ametoka baharini asubuhi ileile.

3. Viazi ni vya aina mbili, na kila kimoja kina kazi yake

Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalowashinda wengi kwa sababu kiazi kinadharauliwa.

Kipo kiazi cha unga, ambacho kikiiva hupasuka ganda na kumomonyoka. Watu wa Ireland wanakisifu hicho kuliko kingine chochote, na hukitaja kwa jina: Kerr's Pink chenye ganda la waridi, Golden Wonder, Rooster chekundu kilichozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Oak Park, Carlow. Kipo pia kiazi kigumu chenye nta, ambacho hubaki na umbo lake hata kikichemka muda mrefu. Mpishi mwenye subira hutumia vyote viwili. Viazi vya unga, karibu nusu kilo, hukatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini pamoja na nyama tangu mwanzo. Baada ya saa moja havionekani tena: vimevunjika, wanga umeingia kwenye maji, mchuzi umekuwa mzito wenyewe. Vile vigumu, kilo moja hivi, humenywa na kuachwa vizima au kukatwa mara mbili. Hivyo huwekwa juu kabisa zikiwa zimebaki dakika arobaini, viive zaidi kwa mvuke kuliko kwa maji.

Ukiwa na kiazi cha aina moja tu nyumbani, gawanya kazi kwa kisu na kwa saa. Vilivyokatwa vyembamba viingie mapema, vizima vichelewe. Nimeona inafaa hata kwa viazi vya kawaida vya sokoni, na nina hakika viazi vya Mbeya au vya Nyandarua vitaifanya kazi hiyo vizuri.

Siwezi kukitaja kiazi cha Ireland nikaruka mwaka 1845. Mwaka ule ulitua ugonjwa unaoozesha majani ya viazi na viazi vyenyewe, uleule ambao wakulima wa Mbeya na Njombe wanaupigia dawa hadi leo. Mamilioni ya maskini walikuwa wakiishi karibu kwa kiazi pekee, tena kwa kiasi kikubwa aina moja iliyoitwa Lumper. Njaa ikadumu hadi kiasi cha 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine milioni moja au zaidi wakapanda meli. Sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8. Ile ya 1851 ilikuta milioni 6 na nusu. Na katika miaka hiyohiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa bandarini kwenda Uingereza.

Kwa hiyo naudhika nikisikia stuu hii ikiitwa chakula cha maskini kwa wepesi. Maskini wa kweli wa wakati ule alikula viazi na maziwa ya mgando, nyama ya kondoo hakuiona. Aliyekuwa na shingo ya kondoo chunguni alikuwa amejaliwa. Viazi vingi na nyama kidogo ndani ya stuu vinaonyesha familia iliyopata kitu na kukitandaza kiwafikie wote. Ndiyo maana nikipika sipunguzi viazi ili nyama ionekane.

4. Itokote, isichemke

Maji yakianza kupata moto, povu la kijivu huja juu. Liengue kwa upawa hadi liishe. Ni kazi ya dakika chache na ndiyo inayoacha mchuzi mweupe na safi. Ukishaengua, tia chumvi, pilipili manga na, ukipenda, kitawi cha thaimu, funika, kisha punguza moto mpaka uone bubujiko moja hapa na jingine pale. Moto mkali huikaza nyama kwanza na kuichambua baadaye, na mafuta yakivurugwa na maji yanayoruka huchanganyika na mchuzi hadi usiweze kuyatoa tena.

Maji yawe ya kufunika nyama tu, lita moja na kidogo kwa kiasi nilichokitaja. Ukiona yamepungua ongeza ya moto. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria.

5. Mabishano ya karoti

Wapo watakaokuambia karoti ikiingia si stuu ya Ireland tena. Wapo wengine, hasa huku kusini, ambao bila karoti hawaoni chakula. Nimewasikiliza wote na nimeamua kuweka karoti, mbili au tatu, zilizokatwa kwa vipande vikubwa. Utamu wake unashikana vizuri na ule wa vitunguu, na rangi yake inahitajika kwenye siku za Desemba ambapo giza huingia saa kumi na moja jioni.

Shayiri iliyokobolewa naiona sawa, konzi moja, ikiwa nyama ni chache. Liki sawa. Kitunguu saumu hapana. Na ile stuu nyeusi inayopikwa kwa bia ya Guinness ni ya nyama ya ng'ombe, ni pishi lake mbali. Isichanganywe na hii kwa sababu tu zote zimetoka nchi moja. Dublin nako wana pishi lao la soseji na nyama ya nguruwe liitwalo coddle, nalo lina wapenzi wake.

Ulipo uhuru kamili ni kwenye majani ya mwisho. Kotimiri (parsley) iliyokatwakatwa, nyingi, inyunyizwe moto ukishazimwa. Mtu asiyekuwa nayo na akatumia giligilani, ladha itabadilika lakini chakula hakitaharibika.

6. Mafuta ya kondoo hayasubiri

Mafuta ya kondoo huganda upesi kuliko ya kuku au ya nguruwe. Mchuzi ukimiminwa kwenye bakuli baridi, kabla mtu hajafika nusu tayari kuna utando mweupe juu na mwingine kwenye kaakaa. Watu wengi wasemao hawapendi kondoo wamekutana na utando huo tu. Dawa ni mbili. Kwanza, mabakuli yapashwe moto, kwa maji yanayochemka au kwenye oveni. Pili, mafuta yaondolewe kabla ya kuandaa. Njia bora ya kuyaondoa ni kupika nyama, vitunguu na viazi vya chini siku moja kabla, kulaza sufuria mahali pa baridi, na asubuhi kuyainua mafuta yakiwa yameganda kama sahani. Kisha unapasha taratibu, unapanga viazi vya juu na karoti, unafunika kwa dakika arobaini. Nyama iliyolala ndani ya mchuzi wake ni tamu zaidi, jambo ambalo yeyote aliyewahi kula kiporo cha pilau analikubali bila kuelezwa.

Pembeni huwekwa mkate wa magadi na maziwa ya mgando, usiotiwa hamira, uliokatwa vipande vinene na kupakwa siagi. Nami huweka kichupa cha pilipili mezani kwa ajili ya wageni wa nyumbani, ila nawaomba waonje kijiko cha kwanza bila kuigusa.

Kilichobaki kikae kwenye friji siku mbili, si zaidi, na kisigandishwe kwenye barafu, kwa kuwa viazi vikiyeyuka huwa na chengachenga na maji. Kama unataka kuweka akiba, gandisha nyama na mchuzi peke yake, na viazi vichemshwe vipya siku ya kula.