Shukrani kwa mfadhili usiyemjua

Ndugu Waislamu, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, wananchi walichangia ng'ombe, chakula na fedha kwa ajili ya wanajeshi wetu. Kutoka Nanganga hadi Kagera ni pembe mpaka pembe ya nchi. Kijana wa Masasi aliyekula mchango ule vitani hakumjua aliyeutoa. Amshukuruje?

Maulamaa wametufunza kuwa shukrani ni ya moyo, ya ulimi na ya viungo. Moyo unakiri wema, ulimi unaomba dua, viungo vinatenda. Basi mkongwe wa vita amwombee mfadhili wake asiyemjua. Nasi tulioachiwa amani tuwaangalie wajane wa wasiorudi. Shukrani ya ulimi mtupu haiwashibishi.

Wabillahi tawfiq.