Mteja Akinyamaza, Tumuulizeje?



Wengi wenu siku hizi mnauza mazao Nairobi kwa simu. Tuchukue mfano wa kikundi kinachopeleka mayai mtaa wa Fedha, kule Embakasi. Wateja wamewekwa pamoja kwenye kundi la WhatsApp. Ijumaa wanaagiza, Jumamosi trei zinafika getini. Basi asubuhi moja mama fulani anaandika mbele ya wote: "Mayai manne yalikuwa mabovu."

Mara nyingi huwa hivi: wanakikundi watano wanamrukia. Mmoja anasema ati hayo si yetu, mwingine ati uliyaweka juani. Yule mama ananyamaza. Wateja wengine, waliokuwa wakisoma tu, nao wananyamaza, na Jumamosi inayofuata oda zimepungua. Hakuna aliyewaambia sababu.

Tunashauri mtu mmoja tu achaguliwe kujibu. Aanze kwa pole na asante, aulize trei ilifika siku gani, kisha abadilishe mayai hayo bila ubishi. Hasara ya mayai manne kikundi kitaibeba. Ya kupoteza nyumba kumi, hapana. Lakini kazi yenyewe iko huko nyumbani. Mayai yalitoka kwa nani, na yalikaa siku ngapi? Kama kila trei imeandikwa namba ya mwanachama na tarehe, jibu litapatikana. Bila hivyo mtabaki kushukiana. Tunajua jambo hili huleta maneno, maana mwenye namba atasema anapelelezwa. Kwa hivyo mkubaliane mkutanoni kabla ya malalamiko kuja, si baada. Na yai mnalolitilia shaka, litieni majini: jipya hulala chini, lililokaa husimama, la zamani sana huelea.

Malalamiko peke yake hayatoshi. Tazameni pia wateja wanavyotenda. M-Pesa mnayoitumia kila siku ilianza kujaribiwa Oktoba 2005 na wateja wasiozidi 500 wa Faulu Kenya, huko Mathare, Thika na katikati ya Nairobi. Ilikusudiwa iwe njia ya kulipia mikopo. Wenye kazi walipofuatilia, wakakuta watu wameigeuza kwa shida zao: huyu anaweka pesa mahali pamoja na kuzitoa kwingine, yule anamlipia mwenzake mkopo, mwingine anawanunulia jamaa wa mashambani kredi ya simu. Ilipofunguliwa kwa wote Machi 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Habari ya kulipia mikopo iliwekwa kando.

Ninyi mna daftari la oda. Lisomeni. Nyumba iliyokuwa ikichukua trei mbili sasa inachukua moja. Nyingine haijaagiza tangu mwezi uliopita. Mpigieni mwenyewe simu, msimtaje kundini. Mkimuuliza, "Waonaje mayai yetu?" atasema ni mazuri tu, kwa heshima. Muulizeni, "Wiki hii ulinunua mayai wapi, na saa ngapi?" Huenda akasema yeye hutoka kazini Jumamosi saa nane, na trei huletwa saa nne. Hapo kuku hawana kosa! Badilisheni saa, halafu mwambieni kundini kwamba mmebadilisha kwa sababu mteja alisema. Wengine wakiona hivyo watafungua midomo.

Tena msimwingize mtu kundini bila kumwomba ruhusa. Namba yake itaonekana na watu asiowajua, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayolinda habari kama hizo. Asiyetaka kundi aandikiwe peke yake.

Kwa mkutano ujao, mwenyekiti aje na daftari la oda la miezi mitatu. Ni wateja gani wameacha kununua? Nani atawapigia simu, na kabla ya siku gani? Je, tumekubaliana kuandika namba kwenye trei?