Kardinali Lavigerie na Mbegu Iliyopandwa Kando ya Ziwa Letu

Somo kwa walimu wa dini na wasomaji wote. Tusome kwanza Marko 4:26-29 na Marko 9:38-40.

Mtu akitoka Mwanza kwenda kusini, baada ya mwendo mfupi hufika Bukumbi. Huko ndiko Mapadre Weupe walikojenga kituo chao mwaka 1883. Wengi wetu tuna jirani au shemeji wa kanisa lile. Twakutana nao sokoni, na mazikoni twasaidiana nao kuchimba kaburi. Walakini tukiulizwa ni nani aliyewatuma mapadre wale wa kwanza, ni wachache watakaojibu. Pengine mtu atasema, "Habari hiyo yatuhusu nini sisi Walutheri?" Twajibu ya kuwa yatuhusu sana. Maana liko jambo moja ambalo mtu yule aliliagiza, nalo twalihitaji hata leo: kuwafundisha watu taratibu na kwa bidii, hata wasimame wenyewe siku mwalimu asipokuwapo.

Jina lake ni Charles Lavigerie. Alizaliwa Ufaransa, karibu na mji wa Bayonne, tarehe 31 Oktoba 1825, yaani siku ile ile tunayoadhimisha Matengenezo ya Kanisa. Akawa padre mwaka 1849, kisha akafundisha historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Paris. Mwaka 1860 alikwenda Shamu kuwasaidia Wakristo waliopatwa na maafa makubwa ya kuuawa na kufukuzwa. Mwaka 1863 akafanywa askofu wa Nancy, na mwaka 1867 akawa askofu mkuu wa Algiers, Afrika ya Kaskazini.

Alipofika huko alikuta njaa na kipindupindu. Watoto wengi waliachwa yatima, naye akawakusanya, akawalisha na kuwafundisha. Kwa ajili ya kazi hiyo na ya kuhubiri, akaanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868. Kwa kuwa walivaa kanzu nyeupe, watu wakawaita Mapadre Weupe. Mwaka uliofuata akaanzisha shirika la masista. Njia haikuwa rahisi: mwaka 1876 mapadre watatu waliuawa jangwani walipokuwa wakienda Timbuktu.

Mwezi wa Aprili 1878 watu kumi wa kwanza walisafiri kuja pande zetu. Wakapita Bagamoyo, na Padre Pascal akafa njiani. Wengine walielekea Ziwa Tanganyika, na wengine, wakiongozwa na Padre Livinhac, wakafika Kageye kando ya Ziwa Victoria mwishoni mwa Desemba 1878. Februari 1879 Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Buganda pamoja na Bruda Amans. Lavigerie mwenyewe hakuliona ziwa hili kamwe. Aliwaongoza watu wake kwa barua na kwa maagizo.

Maagizo yenyewe yalikuwaje? Kwanza, mmisionari asikae peke yake; katika kila kituo wawe watatu au zaidi. Pili, wajifunze lugha ya wenyeji upesi, na baada ya miezi sita wasizungumze lugha nyingine hata wao kwa wao. Tatu, mtu asibatizwe kwa haraka. Atakaye ubatizo afundishwe muda wa miaka minne, kama desturi ya Kanisa la kale, mwenendo wake upate kuonekana. Nne, aliona ya kuwa Waafrika ndio watakaoieneza imani katika Afrika. Kwa hiyo vijana waliokombolewa katika utumwa walipelekwa Malta kujifunza uganga. Mmoja wao, Adrien Atiman, alifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akawa mganga na mwalimu wa dini huko zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956.

Sasa tuangalie matunda. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre waliona hatari Buganda, wakavuka ziwa kurudi kusini, na ndipo walipojenga Bukumbi. Buganda hakubaki padre hata mmoja muda wa miaka miwili na zaidi. Je, kazi ilikufa? Sivyo. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matiya Mulumba na wenzao, waliobatizwa mwaka 1882 tu, waliendelea kuwafundisha wengine. Mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta wanafunzi wameongezeka. Mwaka huo huo Mukasa aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wakamfuata, Wakatoliki na Waanglikana pia. Mbegu ilikuwa imekwisha kushika mizizi.

Lakini si haki kuyasimulia mema peke yake. Lavigerie alikuwa mtu mkali, tena aliipenda sana fahari ya taifa lake, hata mara nyingine mambo ya Injili na mambo ya dola yalichanganyika mikononi mwake. Aliwatuma watu wake mahali ambapo wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamekwisha kufika tangu 1877, na wawili wao kuuawa Ukerewe. Mwaka 1879 Mackay na Lourdel walibishana mbele ya Kabaka Mutesa, na wasikilizaji wakashangaa: Yesu mmoja, walimu wawili wapinzani!

Mungu naye aliwapa somo. Oktoba 1888 wote wawili, Wakatoliki na Waanglikana, walifungwa pamoja Buganda, kisha wakafukuzwa katika mashua moja, nayo ni mashua ya Waanglikana. Ziwani kiboko akaipiga ikatoboka, wakaokoka kwa taabu, wakaitengeneza, wakasafiri tena pamoja. Hata walipofika kusini, hawa wakaenda kwa Mackay huko Usambiro, na hao Bukumbi. Ole wetu, somo lilisahauliwa upesi: Januari 1892 wafuasi wa pande hizo mbili walipigana kwa bunduki Mengo.

Mwaka 1888 Lavigerie, ambaye tangu 1882 alikuwa kardinali, alizunguka Paris, London na Brussels akiipinga biashara ya watumwa. London alisikilizwa na Waprotestanti pia. Sauti yake ilisaidia mataifa kukutana Brussels mwaka 1889 na 1890 kuipiga marufuku biashara hiyo. Alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892.

Sisi twashika ya kuwa mtu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Jambo hilo liliwatenga baba zetu na Rumi; lakini tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi huko Augsburg tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Basi tusione haya kujifunza kwa ndugu wa nyumba nyingine. Mwalimu anayewaharakisha wanafunzi ili hesabu ya waliobatizwa iwe kubwa hupanda juu ya mwamba. Wala asidhani amefanya kazi njema kwa kuwa watu hawawezi kitu bila yeye. Kazi yake hujulikana siku anapohamishwa.

Maswali ya kuzungumza katika usharika:

1. Kwa nini kazi ya Buganda haikufa mapadre walipoondoka mwaka 1882?
2. Je, wanafunzi wetu wa ubatizo na kipaimara wangeweza kufundisha wenzao ikiwa mwalimu hayupo?
3. Ni nani kwetu aliye katika mashua moja nasi, ambaye twamhesabu kuwa mpinzani?