Kabla Hujapanda Kivuko cha Kwenda Staten Island

Mkimbiaji wa klabu ya jogging aliyezoea kutoka saa kumi na moja alfajiri, barabara tupu na jua bado halijachomoza, akienda kukimbia marathoni ya New York hukuta ratiba yake imepinduliwa. Anaamka usiku, anapanda kivuko cha kwenda Staten Island ambako mbio huanzia, anakaa nje kwenye baridi kwa saa mbili tatu, kisha anaanza kukimbia kilomita 42.195 muda ambao kwao watu wameshaanza kuulizia chakula cha mchana. Wengi wanaovurunda mbio hizi wana miguu ya kutosha. Kinachowaponza ni makaratasi, kusubiri, na kilomita tatu za mwanzo. Kwa hiyo hapa hayo ndiyo yatakayopewa nafasi kubwa. Habari za raba tutazipitia haraka.

New York nimeichagua kwa sababu mbili. Ni kubwa hasa: mwaka 2024 waliomaliza walizidi 55,000. Pia ni mbio zenye majina ya kwetu. Juma Ikangaa wa Tanzania alizishinda mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyokaa hadi 2001, na Tegla Loroupe wa Kenya mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda pale. Hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba. Anayelenga London, Berlin, Chicago au hata Nairobi atapata humu mengi ya kumfaa.

Hatua ya kwanza: nafasi, kisha viza, tiketi ya ndege mwisho

Huendi tu ukalipa ukaandikishwa. Njia ya watu wengi ni bahati nasibu, ambayo maombi yake hupokelewa mwanzoni mwa mwaka. Kwa mbio za 2025 waliomba watu zaidi ya 200,000, na wanaobahatika hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Zipo pia njia nyingine, kama vile kuwa na muda mzuri wa kufuzu, kukimbia kwa ajili ya taasisi ya hisani inayokutaka uchangishe fedha (mara nyingi dola 3,000 au zaidi), au kununua nafasi pamoja na hoteli kupitia wakala wa safari aliyeidhinishwa na waandaaji, New York Road Runners. Ya wakala ni ghali, lakini kwa mtu anayesafiri kutoka mbali ndiyo yenye uhakika kuliko zote. Ya hisani ni nzuri kwa mwenye ndugu na marafiki wa kuchangia. Asiye nao atajikuta analipa mwenyewe.

Ada ya kujiandikisha peke yake kwa mgeni inapita dola 300, na kwa kawaida hairudishwi. Hapo ndipo viza inapokuwa suala zito. Barua ya kuthibitisha usajili hailazimishi ubalozi kukupa chochote, na tangu 2025 masharti ya Marekani kwa raia wa baadhi ya nchi za Afrika Mashariki yamekazwa sana. Soma ukurasa wa ubalozi ulioko nchini mwako kabla hujatoa hata senti, kisha soma sharti la kujiondoa kwenye mbio. Anayeishi tayari Marekani, tuseme Minnesota au Texas, kikwazo hiki hakimhusu, na pengine ni yeye atakayefaidi mwongozo huu kuliko sisi tulioko huku.

Kuna jambo moja la kukataa kabisa, nalo ni namba ya mtu mwingine. Mitandaoni hukosi mtu anayeuza namba yake kwa sababu kaumia goti. Ukikamatwa wewe na yeye mnafungiwa, na huo ndio upande mwepesi wa balaa. Ukianguka njiani, daktari atasoma taarifa za mtu mwenye damu tofauti, dawa tofauti na mke tofauti wa kupigiwa simu.

Halafu kata bima ya safari inayotaja wazi kwamba inagharamia majeraha ya michezo. Usiku mmoja katika hospitali ya Marekani unaweza kuzidi gharama ya safari nzima.

Hatua ya pili: fanyia mazoezi mbio zenyewe

Programu za wiki 16 hadi 18 zimejaa kila mahali na nyingi zinafanana: mbio ndefu moja kwa wiki inayopanda taratibu hadi kilomita 30 au 32, kisha wiki mbili au tatu za kupunguza kabla ya siku yenyewe. Fuata mojawapo. Ninayoongeza ni mambo mawili, kwa kuwa programu hizo hazikuandikiwa mtu wa Dar es Salaam.

La kwanza ni madaraja. Njia ina madaraja matano, na mbio huanzia mguuni mwa Daraja la Verrazzano-Narrows, ambako maili nzima ya kwanza ni kupanda. Baadaye kuna Queensboro, karibu na kilomita ya 25, nalo ni refu, halina mashabiki, na miguu imeshaanza kulalamika. Barabara ya Tano nayo inapanda polepole kwa zaidi ya kilomita moja pale ambapo umebakiwa na kama kilomita sita. Anayefanya mazoezi kando ya bahari kila siku hana cha kumwandaa kwa hayo. Nenda Pugu au Kisarawe mara moja kwa wiki; wa Nairobi ana Ngong. Jifunze pia kushuka, kwani mteremko ndio unaochana misuli ya mapaja.

La pili ni saa ya kuanza. Makundi ya kwanza ya watu wa kawaida huondoka baada ya saa tatu asubuhi, na kundi la mwisho karibu saa tano na nusu. Mwili wako haujawahi kuombwa kazi hiyo saa hizo. Angalau mara tatu katika mazoezi, anza mbio ndefu saa nne au saa tano asubuhi, ukiwa umekula mara mbili: mlo wa kawaida mapema, kisha kitu kidogo saa mbili kabla ya kuondoka. Utagundua mapema kama tumbo lako linakubali mkate na siagi ya karanga, au linataka ndizi peke yake.

Raba: zivae kilomita za kutosha kabla ya safari, usinunue mpya kule. Basi.

Hatua ya tatu: fika mapema, na uijue saa

Namba huchukuliwa kwa mkono wako mwenyewe, ukiwa na pasipoti, katika ukumbi wa Javits siku za kabla ya mbio. Asubuhi ya mbio haitolewi. Ndege ya Ijumaa ikichelewa, yamekwisha. Fika Jumatano au kabla yake.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Siku ya mbio New York iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa nane. Kundi la mwisho linapoanza, kwetu ni saa moja na nusu jioni. Ukikimbia kwa muda wa saa tano, unamaliza wakati mwili ambao haujazoea unaamini ni saa sita na nusu usiku. Siku chache za ziada hupunguza hilo.

Usiku wa kuamkia mbio saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Jumapili hiyo hiyo ndiyo Marekani inayomaliza saa zake za kiangazi. Simu itajirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi ya kawaida na saa ya ukutani hotelini huenda zisifanye hivyo. Uzuri ni kwamba kosa hapa hukuamsha mapema, halikucheleweshi. Lakini giza nalo linawahi: jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwenye mwendo wa taratibu atamaliza taa zikiwa zinawaka.

Siku mbili tatu za kabla ya mbio usizunguke mji kwa miguu kutazama maghorofa. Kula wali, viazi, mkate, vitu unavyovijua, na Jumamosi achana na maharage na mboga nyingi za majani.

Hatua ya nne: Staten Island, shule ya kusubiri

Usafiri wa kwenda mwanzoni, kivuko au basi, unauchagua wakati wa maandalizi nao una saa yake. Kivuko kinakushusha St. George, unapanga foleni ya basi, unapita ukaguzi, kisha unaingia uwanja wa wazi wa Fort Wadsworth chini ya daraja. Mkoba wa mgongoni hauruhusiwi. Unabeba ule mfuko wa plastiki angavu uliopewa na namba. Uwanjani hapo ndipo utakapokaa.

Novemba pale asubuhi huwa na nyuzi joto 5 hadi 10, na upepo wa baharini haumwonei mtu huruma. Vaa nguo za kutupa: suruali nzito, sweta, kofia, glavu, na mfuko mkubwa wa taka wa kukalia ili majani mabichi yasikuloweshe. Muda wa kuanza ukifika unazivua na kuziacha, nazo hukusanywa kwa ajili ya hisani. Nunua za mtumba kabla ya safari, Karume au Gikomba. Sweta lililotoka Marekani kwa marobota litakuwa limerudi kwao, na sishangai likipanda meli tena.

Glavu zibaki mkononi hata baada ya kuanza. Mtu wa pwani haamini hadi imtokee: vidole vikifa ganzi, kile kipakiti cha jeli hakifunguki. Unakigeuza, unakivuta kwa meno, kinateleza kwa mate, na nusu yake inaishia kwenye ndevu. Kata kidogo pembe za vipakiti ukiwa hotelini, bila kuvitoboa, ili vichanike kirahisi.

Panga foleni ya choo mara tu unapofika, na ukitoka, rudi tena mwisho wa foleni. Andika nyuma ya namba yako simu ya mtu wa dharura na dawa unazodhurika nazo. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye chuchu. Wanaume, damu kwenye fulana si mzaha.

Hatua ya tano: kimbia kwa akili

Mzinga unalia, unapanda daraja, mji wote uko kushoto kwako, na bado unajihisi mwepesi. Tembeza mguu kana kwamba unamsindikiza mgeni. Maili ya kwanza ikiwa ya polepole kwa dakika nzima kuliko mpango wako, hujapoteza kitu. Maili ya pili inashuka na itakushawishi kulipa deni, usilipe.

Alama kubwa njiani ni za maili. Maili moja ni kilomita 1.609, kwa hiyo dakika 6 kwa kilomita ni dakika 9 na sekunde 39 kwa maili, na hiyo inakupa muda wa kumaliza wa kama saa 4:13. Andika hesabu zako kwenye utepe mkononi. Usitegemee setilaiti: chini ya sitaha ya daraja na katikati ya maghorofa, saa ya kisasa hudanganya. Njiani huchorwa mstari wa buluu unaoonyesha njia fupi. Ukiyumba kushoto na kulia kupita watu, utakimbia mamia ya mita za bure.

Baada ya kimya cha Queensboro unashuka Barabara ya Kwanza, na kelele za mashabiki zinakupiga usoni. Wengi humaliza nguvu zao za akiba hapo, kilomita 16 kabla ya mwisho. Novemba 2025 Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alikimbia New York kwa mara ya kwanza akamaliza wa 17. Njia hii haimsomi mtu wasifu wake.

Kula kabla hujahisi njaa: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia nusu saa ya kwanza, kwa aina uliyoifanyia mazoezi. Maji kunywa kwa kiu. Vituo ni vingi, na hatari ya kuzidisha ni ya kweli. Utafiti wa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya 2002, uliochapishwa 2005, ulikuta asilimia 13 wakiwa na chumvi iliyoshuka mno kwenye damu, hasa waliokunywa hadi wakaongezeka uzito na waliokaa njiani zaidi ya saa nne. Kichwa kikiuma, vidole vikivimba na kichefuchefu kikizidi, usiongeze maji. Ingia hema la matibabu.

Joto likija, badilisha lengo. Chicago mwaka 2007 waandaaji walilazimika kusitisha mbio katikati kwa sababu ya joto.

Diclofenac na ibuprofen ziache hotelini. Najua kwenye klabu zetu mtu humeza kidonge kabla ya mbio kama anavyokunywa chai, lakini figo lililokaukiwa na kupewa dawa hizo linaumia.

Hatua ya sita: baada ya mstari

Ukivuka mstari ndani ya Central Park hutaruhusiwa kukaa. Utatembea mwendo mrefu, umevishwa medali, hadi ulipo mlango wa kutokea. Patana na wenyeji wako mahali maalumu nje ya bustani, mbali mitaa kadhaa, na wao ndio wabebe koti na raba pana. Simu hulemewa na watu, msitegemee kupigiana. Kula na kunywa chenye chumvi ndani ya saa moja, na usioge maji ya moto sana ukiwa peke yako, maana kizunguzungu huja kwa kuchelewa.

Maumivu ya mapaja ya siku tatu nne ni ya kawaida. Mkojo wa rangi ya Coca-Cola si wa kawaida hata kidogo: ukiuona, usisubiri kesho wala usiulize kwenye kundi la WhatsApp, nenda hospitali siku hiyo hiyo.